Kitalu cha Dada

Ukitaka kununua vile vitalu nyumba vidogo vya bei rahisi, vya fremu ya mabomba membamba na gauni la plastiki juu yake, usimuulize muuzaji. Muuzaji atakwambia vyote ni vizuri. Muulize dada yangu. Atataka kujua kwanza unakaa ghorofa ya ngapi, upepo unatokea upande gani, na saa sita mchana utakuwa wapi, kwa sababu saa sita mchana ndipo miche inapokufa. Siku hizi anapigiwa simu na watu wa mitaa ambayo hajawahi kuikanyaga, na wote anawajibu taratibu, bila haraka. Hakuna anayemuuliza alijifunzia wapi, na mimi nikiwepo naomba wasimuulize.

Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto watatu. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo nimezoea kufoka; mtu akikanyaga mafuta badala ya breki humwambii kwa kunong'ona. Dada ndiye mkubwa wetu. Katikati yupo kaka tunayemwita Injinia, ambaye si injinia hata kidogo, anauza pampu za maji, ila akianza kukueleza namna ya kuchemsha yai utajuta kwa nini uliona njaa.

Dada alikuwa mkataji. Katika karakana ya sare za shule washonaji ni wengi lakini mkataji ni mmoja, na akikosea yeye, suruali arobaini zimekosewa kwa mkupuo. Alisimama kwenye meza ile miaka ishirini na sita. Alikuwa na tabia ya kukupima kwa macho kabla hajakusalimia. Mimi alikuwa akinianza hivi: "Umeongezeka kiunoni, mdogo wangu. Hujambo?" Ndoa yake ilivunjika zamani, hakujaliwa mtoto, akapanga chumba karibu na karakana na kuishi maisha yake bila kumsumbua mtu. Nilikuwa namwona kama mtu aliyetulia kuliko sisi sote.

Kisha Mzee, baba yetu, akapigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakampotea yote isipokuwa machache sana. Tulipatana tukiwa tumesimama kwenye korido ya hospitali, kila mmoja na funguo zake mkononi: tutamtunza kwa zamu. Miezi sita Dada, miezi sita Injinia, miezi sita mimi. Dada aanze kwa kuwa ni mkubwa na, kama Injinia alivyosema kwa sauti laini kabisa, "kwa kuwa wewe Dada huna mtu anayekusubiri nyumbani." Dada alilimeza hilo. Alihamia kwa Mzee, ghorofa ya tatu, na mwenye karakana, tuliyezoea kumwita Mama Sare, akamwahidi kwamba meza yake itamngoja mpaka msimu wa sare mpya uanze. Msimu ukishaanza, alisema, mtu mwingine atashika mkasi, maana hapo hakuna kubembelezana.

Zamu ya miezi sita ingeisha mwezi mmoja kabla ya msimu. Tulihesabu hapo hapo koridoni tukaona nafasi ipo tele.

Kitanda cha Mzee ni cha chuma, na mkono wake wa kushoto bado una nguvu. Akapewa kijiko. Akigonga mara moja anataka maji. Mara mbili, anataka kugeuzwa. Akigonga bila kukoma, hataki kitu. Ni kwamba hamwoni Dada. Kugonga kwa namna hiyo ya tatu ndiko kulikokuwa kwingi. Dada akiingia jikoni, kijiko. Akiingia kuoga, kijiko, na majirani wote wanajua kwamba fulani anaoga. Kushuka ngazi ndiyo kabisa. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda ambapo Mzee hakugonga: roshani. Mlango wake unatazamana na kitanda, na Mzee akilala upande wa kushoto anaiona yote mpaka kwenye vyuma vya kuzuia watu wasianguke. Ina urefu wa hatua nne.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa anapanda jirani wa chini, mjane mwenye moyo mwema na magoti mabovu, akakaa na Mzee mpaka saa tano. Saa hiyo moja ndiyo ilikuwa wiki nzima ya dada yangu.

Kuhusu kitalu, wazo nililitoa mimi. Nalisema mapema nisije nikaonekana najificha. Dada alikuwa amepanda sukuma wiki na nyanya kwenye makopo ya rangi, na roshani ile ikamtia adabu: upepo ukavunja mashina, njiwa wakala majani, mvua ya pembeni ikamwaga udongo wote kwenye nguo za jirani. Nilipomkuta anafagia udongo kwa mara ya tatu nikamwambia, "Si ununue kile kitalu cha rafu, kama kabati? Utajipatia shughuli, Dada." Shughuli! Mtu aliyekuwa anakata suruali arobaini kwa mkupuo, mimi namtafutia shughuli.

Tulikwenda Alhamisi kwa gari langu la kufundishia, lile lenye kibao juu, na watu wakatupisha njia kwa hofu. Duka la vifaa vya kilimo lilikuwa na aina tatu. Kimoja kilikuwa handaki dogo la kutandaza ardhini, ambalo kwa roshani si lolote. Cha pili kilifunikwa kwa plastiki nyembamba inayong'aa vizuri mno, na hicho ndicho muuzaji alikuwa amekiweka mbele. Cha tatu kilikuwa nyuma, bei ile ile, plastiki yake nzito yenye nyuzi za wavu ndani, lakini viungo vya fremu vimeshika kutu.

Mtu mwingine angetazama rangi. Dada alilivua lile gauni linalong'aa, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono wa zipu kwa kucha.

"Kaka, hii zipu mmeishona au mmeiombea dua tu ishike?"

"Mama, hiyo imetoka kiwandani hivyo hivyo."

"Naona. Nyuzi ziko mbali mbali hivi, wiki haiishi itakuwa imeachia. Na plastiki yenyewe ukiikunja inabaki na alama nyeupe. Jua likiipiga miezi miwili inapasuka kwenye hiyo alama."

Muuzaji alicheka, akasema tangu aanze kazi hajaona mtu anakagua kitalu kama suti ya bwana harusi. Dada hakucheka. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na tano. Akachukua kile cha nyuma. "Chuma kikiwa na kutu nitakipiga msasa nipake rangi," aliniambia tukishuka ngazi za duka. "Kitambaa kibovu hakina dawa." Nikaona uso wake umechangamka, nikafurahi, nikajipongeza moyoni njia nzima.

Zipu aliishona upya kwa mkono, uzi wa nailoni, mshono wa kurudi nyuma. Mzee akawa anamtazama kutoka kitandani na kijiko kimelala kifuani.

Wiki ya kwanza aliua miche yote. Alikifunga kitalu asubuhi kwa sababu ya upepo, akaingia kumwogesha Mzee, na kumwogesha Mzee siku ile kukaenda vibaya, kukachukua saa mbili. Alipotoka, mle ndani joto lilikuwa halivumiliki. Miche ilikuwa imelala kama mchicha uliochemshwa. Aliniambia alikaa chini pale pale akalia, na kijiko kikaanza kugonga kwa sababu akikaa chini Mzee hamwoni.

Baada ya hapo akaanza kukijua. Zipu ifunguliwe saa mbili asubuhi, ifungwe jua likipungua. Matofali mawili kwenye rafu ya chini, kamba mbili kwenye vyuma vya roshani, ili upepo usikipindue. Maji yamwagwe kwenye udongo, si kwenye majani, la sivyo ukungu unakuja mweupe. Plastiki ifutwe kwa ndani asubuhi maana inatoa jasho. Nyanya zisijazwe kwenye rafu zote. Rafu mbili za juu aliziondoa ili mashina yapate kurefuka. Na kwa kuwa nyuki hawapandi ghorofa ya tatu kwa ajili ya maua manne, akawa anayagusa maua yenyewe, moja moja, kwa mgongo wa mswaki wa zamani, kwa mtikisiko mdogo. Ungemwona, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ameingiza kichwa na mabega ndani ya lile gauni, makalio nje, anapiga mswaki nyanya. Nilimtania kwamba amepata wateja wapya wasiolalamikia kiuno.

Basi zikaanza picha. Tuna kundi letu kwenye simu, tumeliita Wana wa Mzee, na kabla ya kitalu lilikuwa mahali pa kununiana. Dada akituma habari za choo cha Mzee, kimya. Akituma habari za vidonda vya mgongoni, Injinia anaandika "pole" baada ya siku mbili. Alipotuma picha ya jani la kwanza, kundi likafufuka. Mke wa Injinia akamwita mkulima bora. Watoto wake wakataka kuja kutembea, ingawa hawakuja. Dada akaonja kusifiwa, jambo ambalo sisi tulikuwa hatujampa muda mrefu, na kila baada ya siku mbili tatu akatuma nyingine.

Miezi sita ilipotimia, alituma picha ya nyanya tano zimeiva kwenye shina moja, nyekundu, na matone ya maji juu yake. Chini yake akaandika: "Hizi ni za kwanza. Zamu yangu iliisha Jumapili. Injinia, unakuja lini kumchukua Mzee?"

Injinia akajibu: "Nyanya hizo! Hongera sana Dada, una mkono." Mkewe akaweka makofi. Mimi nikaandika: "Nitunzie mbili." Hakuna aliyegusa lile swali. Nimelirudia kulisoma mara nyingi tangu siku ile, na si kwamba sikuliona. Niliona nyanya kwanza, halafu nikaliona swali, halafu nikachagua nyanya.

Alipouliza tena, waziwazi, bila picha, Injinia alikuwa na majibu. Mara watoto wana mitihani. Mara chumba kinapakwa rangi. Mara rangi inanuka na kifua cha Mzee si kizuri. Hatimaye akanipigia mimi. "Hebu fikiri na wewe," alisema. "Mzee yuko pale, kuna kijani, kuna hewa, Dada ana bustani yake, amekuwa mtu wa furaha kweli. Tukimtoa pale mzee wetu tutamwua." Sikumpinga. Nilisema "mh," ile mh ambayo kila mtu anaichukua anavyotaka.

Wiki moja kabla ya msimu nilikwenda kumwona Dada. Alikuwa amekonda. Hakuniambia lolote kuhusu kiuno changu, na hilo lilinitisha kuliko kukonda kwake. Tulikaa roshani, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali ambapo Mzee anamwona.

"Mama Sare amenipigia," alisema. "Ameniuliza anipangie meza au asinipangie. Nimemwambia anipangie."

"Vizuri."

"Vizuri nini? Injinia hajaniambia neno." Alikuwa anang'oa jani kavu huku anaongea. "Nikisema nimechoka mtaniona mvivu. Sijachoka, mdogo wangu. Nimefungwa. Sijui mkate unauzwaje. Sijui lile jengo la kona limefika wapi. Jana nimemsikia muuza maji anapita chini, nikatamani kumwita tu anitukane, nipate mtu wa kujibizana naye."

"Lakini kitalu kimekusaidia kidogo, Dada."

"Kitalu nakipenda, sikatai. Kisingekuwepo ningekuwa nimeshapiga kelele mtaa mzima ukajaa. Lakini picha ndizo zilizoniponza. Mngeona makopo makavu mngekuja mbio."

"Basi acha kutuma."

"Nikiacha mnanipigia simu mnanihoji Mzee ana nini, nimemfanya nini." Akaniangalia. "Wewe unaongea na Injinia. Mwambie. Mimi nikisema anasikia nyanya."

Kijiko kiligonga mara mbili. Akainuka kwenda kumgeuza Mzee, nami nikamsaidia kumshika. Nilimwapia Dada. Nilisema Jumapili nitakuja na Injinia mwenyewe, gari lake kubwa, na Mzee ataondoka siku hiyo hiyo, na Jumatatu yeye yuko mezani na mkasi wake. Nilisema, "Niachie mimi." Akacheka kidogo, akaniambia suruali yangu imepindwa vibaya, niilete aitengeneze.

Jumapili Injinia alinipitia. Kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo nilidhani Mzee angelala, palikuwa na boksi refu. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni kitalu, kikubwa, cha watu wazima, amemnunulia Dada. Nikamwambia, "Lakini leo tunamchukua Mzee." Alivuka taa mbili za barabarani. Kisha akasema, bila kugeuza shingo:

"Nikimchukua leo, miezi sita ijayo ni wewe. Umeshapata nyumba ya vyumba viwili?"

Nina chumba kimoja. Kitanda, jiko, na televisheni ninayoitazama nikiwa nimelala. Nilijiona nimesimama pale, kijiko kinagonga, wanafunzi wangu wananisubiri barabarani. Mtu anayefoka kazini kutwa, siku hiyo niliufyata mpaka tukafika.

Dada alikuwa amefunga kila kitu. Mashuka ya mpira yamekunjwa kwa pembe, dawa kwenye kopo, na karatasi imeandikwa kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo: saa ya kugeuzwa, saa ya uji, upande anaopenda kulalia. Mzee alikuwa amekalishwa kwenye kiti, amenyolewa, amevaa koti lake la kutokea, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Alikaa hivyo tangu asubuhi. Dada mwenyewe alikuwa amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona, na viatu vya kufunga.

Injinia aliingia na boksi begani. Akaliweka chini, akahema, akaanza kueleza. Mabomba yake ni manene, hayana kutu. Zipu mbili, mbele na nyuma. Roshani itatosha, amepima kwa picha. Alieleza muda mrefu sana, na kila Dada alipofungua mdomo, akaongeza kipimo kingine. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi naona, Dada, mambo yabaki kama yalivyo kwa sasa. Wewe umeshazoea, Mzee ameshazoea. Au mnaonaje?"

 Dada alinigeukia mimi. Hakukasirika, hakuomba, alinitazama tu akingoja, kwa sababu nilikuwa nimemwambia aniachie mimi.

Na mimi nikaitazama picha iliyochorwa kwenye boksi, nikasema, "Hiki ni kizuri kuliko kile, Dada. Hiki mtu anaingia mzima akasimama."

Injinia akanipiga bega. Dada aliendelea kunitazama kidogo, halafu akaacha. Akachukua simu, akaenda nayo jikoni, nikamsikia akimwambia Mama Sare kwamba yule msichana anayeshona kola ana macho mazuri, ampe mkasi yeye. Kijiko hakikugonga kwa sababu kilikuwa kimefungwa pamoja na dawa. Mzee alikuwa anapapasa tu mkono wa kiti, akitafuta cha kugongea.

Dada alirudi, akapiga magoti mbele ya kiti, akafungua kifungo cha juu cha lile koti. Mzee alitazama mlango, akamtazama yeye, akajikaza mpaka neno likatoka.

"Tunakwenda?"

"Hapana, Baba," alisema, akafungua cha pili. "Hatuendi."